Tetesi za usajili si mzigo: Funzo la Singida na Manchester kwa mwenye mtaji mdogo

KATIKA muda usiofika miaka kumi, Mkoa wa Singida umekuwa na timu ya Ligi Kuu kwa majina manne tofauti. Ilianza Singida United iliyopanda daraja mwaka 2017, ikafuata Singida Big Stars mwaka 2022, ikaja Singida Fountain Gate mwaka 2023, na katikati ya mwaka 2024 ikazaliwa Singida Black Stars. Kwa shabiki wa kijiweni hayo ni mambo ya utani. Kwa mwenye duka la nguo za michezo, mwenye nyumba ya kulala wageni, mama lishe wa jirani na uwanja na mchuuzi anayetembeza jezi begani, kila jina lililofutwa liliacha mzigo usio na mnunuzi.

Ukurasa wa soko la Singida kwa kawaida hutazama alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Safari hii tunatazama bidhaa isiyopimwa kwa gunia wala debe, nayo ni mchezaji wa mpira pamoja na maneno yanayosemwa juu yake kabla hajatia saini. Maneno hayo, ambayo mashabiki huyaita tetesi za usajili, yana nguvu ya kutoa fedha mfukoni mwa mfanyabiashara mdogo. Swali ni iwapo yana nguvu ya kuzirudisha.

Jina linahama, mzigo unabaki

Singida United ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2017/18, mji ulichangamka. Kocha alikuwa Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyewahi kuifundisha Yanga. Timu ilimaliza nafasi ya tano, na Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ambako ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Mfanyabiashara aliyeitazama hesabu ya msimu ule peke yake angeweza kuapa kuwa biashara ya mpira Singida imekwisha kuota mizizi. Misimu miwili baadaye, mwaka 2020, timu ile ile ilishuka daraja.

Timu iliyofuata haikuanzia kwenye mchanga wa Singida. DTB, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2022, ndiyo iliyobadilishwa jina ikawa Singida Big Stars. Ikamaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya mashindano ya Afrika, kisha mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka uliofuata timu hiyo ikafungasha virago kwenda Babati, mkoani Manyara, ikabaki na jina la Fountain Gate tu. Wakati huo huo Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya ambayo Novemba 2022 iliushangaza mji wa Dar es Salaam kwa kukata mfululizo wa mechi 49 za Yanga bila kufungwa, ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars.

Mfanyabiashara na auelewe mzunguko huu vizuri. Leseni ya timu ni mali inayouzika na kuhamishika kama lori. Ikihama, haimuulizi aliyekopa fedha ili ajaze kabati la jezi. Hata dalili zilikuwepo kwa aliyetazama karatasi badala ya kusikiliza redio ya kinyozi. Januari 2024 wachezaji kadhaa wa Singida Fountain Gate, akiwamo Mtogo Marouf Tchakei, walivuka kwenda Ihefu kwa pamoja. Timu inapouza wachezaji wake tegemeo katikati ya msimu, anayeidai au anayetaka kuiuzia anapaswa kujiuliza kinachoendelea nyuma ya pazia.

Hesabu ya jezi arobaini

Tuchukue mfano wa mchuuzi mwenye mtaji wa shilingi 600,000. Ananunua jezi 40 kwa bei ya jumla ya shilingi 15,000 kila moja, akitegemea kuuza kwa shilingi 20,000. Akiuza jezi 30 amerudisha mtaji. Faida yake yote, shilingi 200,000, imekaa kwenye jezi kumi za mwisho. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu huanza kuhesabu faida tangu jezi ya kwanza.

Sasa jina la timu linabadilishwa akiwa ameuza jezi 25. Mkononi ana shilingi 500,000. Jezi 15 zilizobaki atazitoa kwa bei ya mtumba, tuseme shilingi 5,000 kila moja, apate 75,000. Jumla ni shilingi 575,000. Amepoteza shilingi 25,000 ya mtaji, na hapo bado hatujagusa nauli ya kufuata mzigo, pango la meza na ushuru. Ikiwa mtaji ule ulikuwa mkopo wa riba, hasara ni kubwa zaidi.

Hatari huongezeka pale jezi inapoandikwa jina la mchezaji mgongoni. Jezi tupu ya msimu huu inaweza kuuzwa kwa yeyote anayeipenda timu. Jezi yenye jina la mchezaji anayesemekana anakuja ina mnunuzi mmoja tu, yule anayeamini tetesi hiyo, na mnunuzi huyo hutoweka siku mchezaji anapoonekana na rangi za timu nyingine.

Mfano halisi upo, na unaihusu Singida yenyewe. Katikati ya mwaka 2018 kiungo wa JKU ya Zanzibar, Feisal Salum, alitangazwa kuwa ni mchezaji wa Singida United. Muda si mrefu akaonekana amevaa jezi ya Yanga. Kama kuna aliyekwisha kupeleka kitambaa kwa fundi ili jina hilo lichapwe, alikuwa amechapisha hasara yake mwenyewe.

Si kila tetesi ni uongo. Mwaka 2025 ilivuma kwamba Mzambia Clatous Chama na Mganda Khalid Aucho, wote wa Yanga, wangetua Singida Black Stars, na kweli walitua. Septemba mwaka huo timu ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Aliyesubiri tangazo la klabu yenyewe ndipo aandike majina, alikosa siku chache za mauzo. Aliyeandika mapema alicheza bahati nasibu na akashinda. Lakini bahati nasibu haiwi biashara kwa sababu mtu ameshinda mara moja.

Karatasi ndiyo bei

Mchezaji huyo huyo Feisal alitoa funzo la pili, na hili linamhusu kila anayefunga mkataba wa aina yoyote. Desemba 2022, akiwa Yanga, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini amenunua uhuru wake. Yanga ilizirudisha. Shauri likapelekwa kwenye Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, na Januari 2023 ikaamuliwa kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Nchi nzima ilibishana miezi kadhaa. Mwisho wake ulifika Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuwaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye Azam ikamnunua.

Kwa lugha ya sokoni, mnunuzi alileta fedha lakini muuzaji hakukubali kuuza. Fedha kuingia kwenye akaunti haikutosha kuhamisha mali. Mkulima wa vitunguu anajua jambo hili: kutuma fedha ya mzigo kwa simu kabla ya kukubaliana bei na siku ya kupakia ni kutafuta ugomvi.

Funzo la tatu ni la mkopo, nalo ni la zamani zaidi. Januari 2013 Simba ilimuuza mshambuliaji wake Mganda, Emmanuel Okwi, kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola za Marekani 300,000. Magazeti yalishangilia kwamba klabu imepata utajiri. Fedha hazikuja. Mchezaji akagombana na waajiri wake wapya, akarudi kwao Uganda, na kabla ya mwaka kwisha akawa amesaini kwa mahasimu wa Simba, yaani Yanga. Simba ikabaki na deni la kudai kupitia FIFA kwa miaka.

Msomaji anayetoa mali kauli anaijua hadithi hii bila kuwa shabiki wa mpira. Bei nzuri kwenye karatasi ya mdaiwa si bei. Klabu inayotangaza dau kubwa haijasema chochote juu ya kiasi kilicholipwa siku ya kwanza, kiasi kitakacholipwa kwa awamu, na dhamana iliyowekwa. Mwenye hoteli anayelaza timu kwa ahadi ya kulipwa fedha za usajili zikija, amejiunga kwenye foleni ya wadai bila kujua yeye ni wa ngapi.

Manchester: Tetesi zilizopanda soko la hisa

Wapo watakaosema matatizo haya ni ya mpira wetu. Tuitazame basi klabu kubwa ya Uingereza ambayo jezi zake hazikosekani Singida, Manchester United. Klabu hiyo iliingia soko la hisa la London mwaka 1991. Mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB ilitaka kuinunua kwa pauni milioni 623, na Aprili 1999 serikali ya Uingereza ikakataza. Mwaka 2005 familia ya Glazer ya Marekani iliichukua, sehemu kubwa kwa fedha za mkopo, na deni likawekwa juu ya klabu. Agosti 2012 hisa zake zikaanza kuuzwa New York kwa dola 14 kila moja.

Novemba 2022 familia hiyo ilitangaza kwamba inatazama njia mbalimbali, ikiwamo kuuza. Tangu hapo zilianza tetesi zisizo tofauti na za usajili, isipokuwa safari hii anayesajiliwa alikuwa ni mmiliki. Mara Sheikh Jassim wa Qatar atanunua yote, mara tajiri wa Kiingereza Jim Ratcliffe yuko mbele, mara Glazer hawauzi tena. Bei ya hisa ilipanda na kushuka kwa kufuata maneno hayo. Mapema Septemba 2023, baada ya gazeti moja kuandika kwamba klabu itaondolewa sokoni, hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 18 kwa siku moja. Mwezi uliofuata Sheikh Jassim akajitoa.

Mwisho wa yote, Februari 2024, Ratcliffe alipata asilimia 27.7 ya klabu kwa bei ya dola 33 kwa hisa. Anayesoma haraka atasema walionunua kwa tetesi walipata. Lakini watazame tena. Kwa hisa zilizokuwa mikononi mwa watu wa kawaida, ofa ile ilihusu robo tu. Kama kila mwenye hisa angepeleka zote alizonazo, mwenye hisa 100 angeuza 25 kwa dola 33 na kubaki na 75. Na hizo zilizobaki ziliendelea kuuzwa sokoni mwaka huo kwa bei ya chini sana kuliko dola 33.

Lipo jambo lingine lililokuwa wazi kwa aliyesoma maandishi madogo. Hisa zilizouzwa kwa umma zina kura moja moja, ilhali hisa za familia ya Glazer zina kura kumi kila moja. Mwananchi alinunua kipande cha klabu bila kununua usukani wake. Tetesi zilimwambia kuna mnunuzi mkubwa anakuja, lakini hazikumwambia ni nani anayeruhusiwa kusema ndiyo.

Mtoto wa Singida na hisa za Simba

Jambo hilo la usukani linaturudisha nyumbani. Mohammed Dewji, mfanyabiashara aliyezaliwa Singida na kuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, ndiye aliyeshinda zabuni ya kuwekeza Simba Desemba 2017. Dau lilikuwa shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa. Awali alikuwa akitaka asilimia 51, lakini serikali ilielekeza kwamba wanachama wabaki na sehemu kubwa.

Tofauti ya asilimia mbili inaweza kuonekana ndogo kwa anayegawana mahindi. Katika kampuni ndiyo tofauti ya mwenye kauli ya mwisho na mwenye ushauri. Baada ya zabuni ile kukafuata miaka ya taratibu, barua na mabishano juu ya fedha na mali za klabu. Mwanachama wa kawaida aliyekuwa akisikia "bilioni 20" alidhani ni fedha iliyokwisha kutua. Bei ya zabuni, kama bei ya mchezaji, ni mwanzo wa mazungumzo na wanasheria.

Kwa mwenye akiba ndogo anayetamani siku moja kununua hisa za klabu, maswali ya kuuliza ni yale yale ya kampuni ya saruji au bia. Faida inatoka wapi? Nani anapiga kura? Deni ni la nani? Kwa klabu zetu jibu la swali la kwanza limebadilika. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Pamoja na wadhamini, fedha ya televisheni imekuwa nguzo kuliko kiingilio cha mlangoni. Hiyo ni nafuu kwa klabu, lakini ni fedha isiyopita kwenye vibanda vya Singida.

Vivyo hivyo kwa mashindano ya Afrika. Singida Black Stars ilipoingia Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2025, wapo walioota mabasi ya wageni wakishuka mjini. Lakini mechi yake ya nyumbani na Rayon Sports ya Rwanda ilichezwa Dar es Salaam, na ilipofika hatua ya makundi wenyeji wa wageni wale walikuwa Zanzibar. Tiketi ya Afrika ilikuwa ya timu, na vitanda vilivyojaa havikuwa vya Singida. Anayetaka kuongeza vyumba kwa ajili ya mpira aulize kwanza uwanja gani umeidhinishwa, kabla ya kuuliza timu imepangwa na nani.

Penye nafuu

Haitakuwa haki kumwacha msomaji akidhani mpira ni hasara tupu. Machi 2025 Singida Black Stars ilizindua uwanja wake, uliopewa jina la Airtel, kwa mechi ya kirafiki na Yanga. Uwanja haukunjwi ukapakiwa kwenye basi. Unahitaji fundi, mlinzi, maji, chakula na usafiri hata pale jina la timu linapobadilika. Biashara iliyosimama kwenye uwanja na barabara ina msingi mzuri kuliko ile iliyosimama kwenye jina mgongoni.

Nafuu nyingine iko kwa wanaolea vijana. Kanuni za FIFA zinataka mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujakwisha, asilimia 5 ya dau igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya dau, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kwa mchezaji wa dola milioni moja, timu ya mtaani iliyokaa naye kutoka miaka 14 hadi 17 ingestahili dola 15,000. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kukusanya na kulipa fedha hizo.

Sharti lake ni karatasi. Timu isiyosajiliwa, isiyoandika jina la kijana wala tarehe aliyoingia na kutoka, haitapata hata senti kijana huyo akifika Ulaya. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akapita Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza. Kila hatua ya namna hiyo hulipa waliolea, iwapo kumbukumbu zao zinasomeka. Daftari la shilingi elfu moja au mbili linaweza kuwa uwekezaji bora kuliko jezi arobaini.

Ushauri wa soko

Dirisha la usajili likifunguliwa, mwenye duka anunue kidogo kidogo na arudi kwa muuzaji wa jumla mara nyingi, hata kama nauli inaongezeka. Aweke jezi tupu, na jina liandikwe mteja akiwa amelipa. Anayeikopesha klabu chakula au malazi adai malipo ya kutangulia na saini ya kiongozi mwenye mamlaka, kwa jina la kampuni iliyosajiliwa, kwa kuwa jina lililochapwa kifuani linaweza kufutwa kesho.

Mwaka 2023 wafanyabiashara wa alizeti waliona bei ikiporomoka huku mafuta ya kula ya kutoka nje yakiwa tele madukani, na waliokuwa wameshikilia magunia kwa fununu kwamba bei itapanda ndio walioumia. Aliyeuza nusu na kubakiza nusu alilala usingizi. Kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu bidhaa imevaa njumu. Shabiki ana ruhusa ya kuamini tetesi kwa kuwa akikosea anapoteza usingizi wa usiku mmoja. Mfanyabiashara akikosea anapoteza karo ya mtoto, na hiyo hairudishwi dirisha dogo likifunguliwa.